Chupa ya Chumvi Kando ya Gunia: Kueleza Sayansi kwa Watu wa Mpakani

Mara ya kwanza nilipokwenda kuzungumza na wauzaji nafaka mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nilibeba chati. Ilikuwa na picha ya kuvu iliyokuzwa mara nyingi, mishale, na majina ya Kilatini. Nilisimama mbele ya akina mama wapatao 20 waliokaa juu ya magunia yao, nikaongea dakika 40 kuhusu sumu ambayo kuvu hiyo huitengeneza ndani ya mahindi. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe muda wote ule aliinua kichwa akaniuliza: "Mwalimu, asante. Sasa lile gunia la yule kijana pale, ninunue nisinunue?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kuvu inavyoishi, joto inalolipenda, na ini linavyodhurika. Lakini yeye alikuwa na pesa mkononi na kijana anayesubiri, na katika yote niliyosema hapakuwa na neno la kumsaidia katika dakika tano zilizofuata.

Tangu siku hiyo maandalizi yangu huanza na swali lake. Kabla hujaandika lolote, tafuta uamuzi ambao msikilizaji wako anaufanya leo kwa mikono yake: kununua au kuacha, kuanika tena au kushona gunia, kumpeleka mtoto kliniki au kungoja kesho. Ukishaujua, utaona kwamba nusu ya ulichotaka kusema hakihitajiki, na kwamba kuna jambo moja usilolijua ambalo lazima ukaliulize kabla ya kwenda.

Kisha ujue unayesema naye. Watu wa maofisini hupenda kusema "umma", lakini asubuhi moja karibu na lango la forodha la Busia inatosha kukuonyesha kuwa umma wa namna hiyo haupo. Kuna wakulima wa Kiteso, Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wajaluo. Kuna Waganda na Wasoga wanaovuka na ndizi, mahindi na mayai. Kuna madalali, maajenti wa forodha, wabeba mizigo, na wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Kuna bodaboda, ambao jina lao lenyewe husimuliwa kuwa lilizaliwa hapa, enzi za vijana waliowabeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Ukipanda kaskazini hadi Malaba, kuna madereva wa malori waliotoka Mombasa wakielekea Kampala, Kigali, Juba au Kongo, ambao leo wako hapa na kesho hawako.

Chagua kundi moja, ufuate saa yake. Mama wa soko usimwendee asubuhi magunia yanaposhushwa. Nenda alasiri, jua likishapoa na wateja wakipungua. Dereva wa lori humpati ukumbini, na hata ukimpata akili yake iko kwenye mzigo. Umtafute kwenye foleni ya Malaba jioni, injini ikiwa imezimwa, utingo akichemsha chai kando ya tairi. Hapo ana muda, na mara nyingi ana hamu ya mtu wa kuongea naye. Bodaboda unampata kijiweni, lakini andaa maneno ya dakika mbili yanayoweza kukatizwa na abiria bila kuharibika. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu usimwite kwenye ukumbi wenye ngazi. Ukifanya mkutano mmoja wa watu wote, utaishia kuongea na chifu na wazee wa mstari wa mbele.

Sasa nirudi kwenye gunia la yule kijana, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kazi hii.

Sumu ninayoizungumzia Watanzania wameipa jina zuri, sumukuvu. Kwetu Kenya wengi husema aflatoksini. Huletwa na kuvu inayoshamiri kwenye mahindi na karanga, hasa mazao yaliyopata ukame shambani, yaliyotobolewa na wadudu, au yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Haionekani kwa macho. Haina harufu ya kukuonya. Kuipika hakuiondoi. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi huweza kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi, na akila kidogo kidogo kwa miaka mingi hatari ya saratani ya ini huongezeka, zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Ni vigumu kumwonyesha mtu kitu kisichoonekana. Unyevu, ambao ndio mlango wa kuvu, unaonyeshwa kwa urahisi. Tafuta chupa ya glasi ya mililita 750 hivi yenye mfuniko, uioshe na kuikausha hadi isibaki na tone. Chukua chumvi ya kawaida ya jikoni, uianike juani au uikaange kidogo kwenye kikaango hadi ichezecheze bila kushikana. Mimina mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza chumvi vijiko vikubwa viwili, funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Mahindi yakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 15, chumvi huushika na kuganda kwenye kuta za chupa kama vumbi kwenye kioo kilichopuliziwa pumzi. Yakiwa makavu kuliko hapo, chumvi hurudi chini na kuta hubaki safi.

Usiitikise wewe. Mpe yule anayekubishia zaidi, atie mahindi yake mwenyewe, kwa mkono wake. Anza na chupa mbili, moja yenye mahindi uliyoyakausha vizuri na nyingine yenye mahindi uliyoyanyunyizia maji jana yake, ili watu wajue wanachokitazamia. Na zile dakika 15 za kungoja usizijaze kwa hotuba. Ndizo darasa lenyewe. Katika dakika hizo nimesikia mambo ambayo dodoso lisingeyapata kamwe: kwamba dalali mmoja hunyunyiza maji kwenye mahindi ili debe lipate uzito, kwamba muhogo uliokatwakatwa huanikwa kando ya lami kwa sababu lami hushika joto, kwamba mahindi yaliyooza hayatupwi bali huenda kwa kuku, kwa ng'ombe au kwenye pombe ya busaa. Hilo la ng'ombe lilinipa mada ya wiki iliyofuata, kwa maana ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa.

Halafu, kabla hawajatawanyika, sema wazi kile ambacho chupa haiwezi. Chupa haipimi sumu. Inapima unyevu tu, tena kwa makadirio: mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5, na chupa inakamata yaliyozidi 15 au hapo karibu. Mahindi yanaweza kupita kipimo cha chupa yakiwa yalishaingia sumu shambani kabla ya kukaushwa. Siku ya kwanza nilisita kulisema hilo nikiogopa kwamba wataidharau chupa. Ikawa kinyume chake: mzee mmoja alisema sasa ananiamini, kwa sababu wauza dawa wote wanaopita sokoni hudai dawa yao inatibu kila kitu. Fanya hivyo hivyo kwa chanjo ya malaria, ambayo Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoipokea katika majaribio yaliyoanza Kenya Septemba 2019. Mwambie mama kwamba inapunguza malaria kali lakini haiizuii yote, kwamba neti inabaki kitandani, na kwamba dozi ni nne, ya mwisho mtoto akiwa na miaka miwili. Mama aliyeahidiwa kinga kamili, mtoto wake akipata homa, haachi chanjo hiyo peke yake; anaacha kukuamini wewe na yote utakayosema baadaye.

Takwimu nazo zinahitaji mkono wa kuzishika. Kiwango cha aflatoksini kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa nchini Kenya ni sehemu 10 katika bilioni. Ukimtajia mtu bilioni, anawaza pesa. Mimi huja na kijiko cha chai kilichojaa chumvi, kama gramu 6. Lori la tani 30 za mahindi, kwa kiwango hicho, linaruhusiwa kubeba sumu isiyozidi gramu 0.3 katika mzigo wote. Maana yake chumvi ya kijiko hiki kimoja tungeigawa kwa malori 20. Nikishasema hivyo nanyamaza, watu wanageuza shingo kutazama foleni ya malori barabarani, wanahesabu wenyewe. Tafuta mfano ambao vitu vyake viko mbele ya macho yao, kisha uupigie hesabu mara mbili nyumbani, kwa sababu mfanyabiashara atakuhakiki hapo hapo.

Kuna swali moja ambalo kijiko hakilijibu, nalo ndilo linalowaudhi wafanyabiashara kuliko yote: mbona mahindi ya shamba moja yalipita jana na leo yamekataliwa? Wengi hujibu kwa neno moja, hongo. Jibu la kisayansi ni kwamba sumu haikusambaa sawasawa. Punje chache huweza kubeba nyingi mno, na maelfu zilizobaki zikawa salama, hivyo sampuli mbili za gunia moja zinaweza kutoa majibu mawili. Kwa hilo natumia gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, iliyojaa mahindi na punje 10 nilizozipaka rangi ya kucha, nyekundu. Nazichanganya humo, kila mtu anachota konzi moja huku akitazama pembeni. Wengi hutoka mikono mitupu, mmoja hutoka na nyekundu, pengine mwingine hutoka na mbili. Namuuliza mwenye mbili: gorogoro hii ni safi au chafu? Kisha namuuliza mwenye mkono mtupu. Wanaanza kubishana wenyewe, na mtu mmoja lazima atasema, "Basi wangechota sehemu nyingi wakachanganya kabla ya kupima." Ndivyo upimaji mzuri unavyofanywa. Sikulazimika kulisema. Na papo hapo wanaelewa kwa nini kuchambua na kutupa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi huondoa sehemu kubwa ya sumu, ingawa si yote.

Maneno yana mitego yake, na Kiswahili chetu kina mitego ambayo kamusi haikuonyi. Ukimwambia dereva kwamba matokeo yake ni "chanya", ameshukuru Mungu na kwenda zake, kwa sababu katika maisha ya kila siku chanya ni jambo jema. Mwambie: umepatikana na ugonjwa, au, hukupatikana nao. Neno "dawa" nalo linabeba kidonge cha mgonjwa, unga wa kuua fukusi na dumuzi ghalani, na hata rangi ya viatu. Nimekutana na wakulima wengi walioamini kwamba mahindi yakishatiwa dawa, sumukuvu imekwisha. Dawa ya wadudu huua wadudu, kuvu haiigusi. Kwa hiyo ninaposema dawa nataja kila mara ni dawa ya nini. Na "kupima" kwa muuzaji nafaka ni kutia kwenye mizani, basi sema kupima uzito au kupima sumu.

Usidhani kila mtu anayekusalimia kwa Kiswahili ataelewa mada kwa Kiswahili. Kwa mambo ya soko, ndiyo. Kwa mambo ya ini, uzazi na kifo, watu wengi wanarudi kwenye lugha ya mama, na hapa ni Kiteso kwa huyu, Kisamia kwa huyu, Kijaluo kwa yule. Kuanza na salamu ya "Mulembe" au "Yoga" kunafungua mlango, ila mkalimani unamhitaji. Mkalimani mzuri kwangu ni mtu wa kundi lile lile: mama wa soko kwa akina mama wa soko, dereva kwa madereva. Kaa naye siku moja kabla, mfanye jaribio pamoja, mwache akupinge. Kisha mwambie akueleze upya kwa Kiswahili kile atakachokisema kwa Kiteso. Utagundua palipopotea, na mara nyingi palipotea kwako. Kwa wasikilizaji pia usiulize, "Mmeelewa?" Watasema ndiyo kwa adabu. Uliza, "Ukifika nyumbani mzee akikuuliza mlifundishwa nini, utamwambiaje?"

Kosa ambalo mpakani huleta madhara ya haraka ni kuipa hatari uraia. Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Hofu ya sumu ilikuwa ya kweli. Lakini habari ilivyoshuka mtaani ikawa fupi: mahindi ya Uganda yana sumu. Mama aliyekuwa akinunua Busia ya Uganda na kuuza Busia ya Kenya, hatua mia chache, alionekana kama muuza sumu, huku mahindi ya jirani yake wa upande huu, yaliyoanikwa mvua ikinyesha, yakihesabiwa kuwa salama kwa kuwa ni ya Kenya. Ukieleza sumukuvu hapa, taja pia mwaka 2004, Makueni na Kitui na wilaya za jirani, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa Kenya yenyewe. Ukitaja hayo, mazungumzo yanarudi kwenye unyevu.

Madereva wameumia vivyo hivyo. Wakati wa korona mwaka 2020 walikaa siku nyingi kwenye foleni za Malaba wakingoja vipimo, na wengine walikataliwa chakula vibandani. Kisha Julai 2024 Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa ugonjwa wa mpox, aliyegunduliwa kwenye mpaka wa Taita Taveta akisafiri kutoka Uganda kuelekea Rwanda. Ukieleza ugonjwa huo, sema jinsi virusi vyake vinavyoenea: kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kitanda na nguo za mgonjwa. Taja tabia na mazingira, usitaje kazi ya mtu kana kwamba ndiyo ugonjwa. Dereva akiona amefanywa adui, atakificha kipele, na hapo wote tumepoteza.

Lililobaki ndilo linaloniuma zaidi, kwamba maneno peke yake hayatoshi, na Busia ndiyo iliyolifundisha ulimwengu. Kuanzia 1998, katika shule 75 za upande wa Budalangi na Funyula, watafiti wakiwemo Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia wanafunzi waliopewa dawa za minyoo. Utoro shuleni ulipungua kwa robo, na kazi za namna hiyo zilichangia Kremer kupata Nobeli ya uchumi 2019. Sehemu isiyosimuliwa sana ni hii: pamoja na dawa, watoto walifundishwa kunawa mikono, kuvaa viatu, kuepuka maji yenye konokono. Watafiti walipotazama baadaye, mafundisho hayo hayakuwa yamebadilisha tabia kwa kiasi cha kuonekana. Na katika shule ambazo wazazi waliombwa kuchangia pesa kidogo, watoto waliopata dawa walishuka kutoka karibu 75 katika kila 100 hadi chini ya 20. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa maji. Klorini ya dukani, ingawa watu waliijua, ilitumiwa na chini ya kaya moja katika kumi. Ilipowekwa bure kwenye tangi dogo pale pale chemchemini, unazungusha valvu, kipimo chake kinaanguka kwenye jerikeni ya lita 20, na mwenyeji mmoja akaachiwa kazi ya kuhimiza wenzake, zaidi ya nusu ya kaya zilianza kuitumia.

Mtoto asiye na viatu hawezi kuvaa ushauri. Kwa hiyo kabla ya kwenda kufundisha ukaushaji, zunguka kwanza uulize turubai linauzwa wapi na kwa bei gani, bohari ya Bodi ya Nafaka iliyo karibu inakausha kwa malipo gani, mifuko isiyopitisha hewa inapatikana duka lipi. Andika majibu kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, uiache ukutani. Na kama hakuna chochote kinachopatikana karibu, peleka ujumbe huo upande wa pili: kaa na afisa wa kilimo wa kaunti ukiwa na orodha ya mahitaji, kwa kuwa kueleza sayansi ni pamoja na kumweleza mwenye bajeti kile ambacho soko limekuambia. Ukimpa mnunuzi chupa bila kumpatia muuzaji pa kuanikia, umempa mmoja fimbo ya kumpigia mwenzake bei.

Redio inasaidia, hasa vipindi vya lugha za nyumbani na vya kupiga simu. Omba nusu ya muda iwe ya maswali, na usiende na wakubwa watatu wa kutoa salamu. Barazani kwa chifu, omba akina mama waulize kwanza. Hayo yanajulikana, siyarefushi.

Ila rudi. Nenda mara ya pili bila chati wala mgeni rasmi, waambie majibu ya maswali yaliyokushinda mara ya kwanza. Mimi nilirudi sokoni miezi miwili baada ya somo la chupa. Chupa niliyoiacha ilikuwa imefungwa kamba shingoni na kuning'inizwa kwenye nguzo ya kibanda cha yule mama, chumvi yake ikiwa kwenye kopo dogo lenye mfuniko karibu na mkaa, isipate unyevu. Hilo la mkaa sikumfundisha. Mbele yake kijana mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya gunia lake, na mama akamwambia bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe yake, "Bado dakika nane, mwanangu. Keti unywe maji."